Jiko la Peleti Linakula Kiasi Gani?

SWALI: Naishi Texas, nimenunua jiko la kuchomea nyama linalotumia peleti za mbao. Nianzeje, na mfuko mmoja utanifikisha wapi?

JIBU: Nyama isubiri kwanza. Liwashe tupu kwa moto mkali, kama dakika 45 hivi, mafuta ya kiwandani yaungue. Harufu ile huitaki kwenye mbavu zako. Ndani mna parafujo inayosukuma peleti hadi kwenye kikombe cha moto, na feni ya kupuliza. Umeme ukikatika, basi tena.

Kwa moto wa taratibu, hesabu nusu kilo hadi kilo moja kwa saa. Kukiwa na baridi au upepo hula zaidi, na kila ukifunua kuchungulia (najua utachungulia) unaongeza gharama. Mfuko wa kilo 9 hutosha kidari cha ng'ombe cha saa 9.

Peleti nzuri hung'aa, na ukiivunja hulia "tap". Ikilowa huvimba, ikawa unga kama pumba na kukwamisha parafujo. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Na zile za kupashia nyumba joto usizitumie kupikia hata kwa bei ya bure.