Baba, Pacha na Kivuko

Swali: Pacha wangu wana miezi 3. Je, naweza kuwavusha peke yangu kutoka Kigamboni hadi Magogoni, wakamwone bibi yao?

Jibu: Waweza, ndugu yangu, na nia yako naisifu kwa dhati, kwani malezi si amana ya mama peke yake. Lakini kwa kuwa mikono ni miwili na watoto ni wawili, mmoja mfunge kifuani kwa mbeleko, uso ukiwa wazi na kidevu kisikilalie kifua, maana shingo ya umri huo haijakaza, na pumzi huweza kuzibika pasipo sauti. Wa pili mpakate, na mkoba uwe mgongoni. Usivuke alfajiri, wakati wafanyakazi wanaposongamana. Ngoja umati upungue. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yaweke penye barafu, kwa sababu joto la Dar es Salaam huyaharibu upesi, wala usiwape maji, hata jua likiwa kali: kabla ya miezi 6 maziwa yawatosha. Wakilia wote kwa pamoja, nawe bila shaka utafadhaika, tafuta kwanza pa kukaa, kisha mpe maziwa aliye na njaa zaidi. Na mama mtu mzima akijitolea kukusaidia kumpakata mmoja huku nawe ukimwona, mkubalie.