Je, kifaa cha shingoni huondoa uchovu wa kukesha?

Swali: Daktari, mimi ni muuguzi wa zamu za usiku. Nimesikia kuna kifaa cha kuweka shingoni, uchovu ukapungua. Ni kweli?

Jibu: Ukweli upo. Kifaa hicho hupitisha umeme hafifu kwenye ngozi hadi neva ya vagasi, nayo hupeleka ishara kwenye shina la ubongo. Huko huamshwa seli zinazotoa noradrenalini, kemikali inayotuweka macho na makini. Mwaka 2021 watafiti wa Jeshi la Anga la Marekani walichapisha matokeo ya wanajeshi 40 waliokesha saa 34: waliopata umeme halisi walifanya vizuri zaidi majaribio ya umakini, na uchovu wao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao waliowekewa kifaa cha kuigiza. Inatia moyo, ingawa 40 ni wachache. Hofu yangu ni kwamba uchangamfu huo haulipi deni la usingizi. Moyo, sukari na kinga ya mwili bado vinaudai. Mwenye betri ya moyo asikitumie kabisa. Wewe omba nafasi ulale dakika 20 katikati ya zamu, na asubuhi usiendeshe gari ukisinzia.