Waliotazama na Waliolala: Kufundisha Usomaji wa Takwimu kwa Mfano wa Nyumba za Wageni

Utangulizi

Katika somo la Hisabati, kuhesabu hufundishwa mapema na kwa bidii. Mtoto hujumlisha, hugawanya, hutafuta wastani na asilimia, naye husifiwa jibu lake linapolingana na lile la kitabu. Lakini kuna kazi iliyo pacha wa hiyo, nayo aghalabu husahauliwa: kuuliza ni kitu gani kilichohesabiwa. Mtu aweza kugawanya bila kosa lolote na bado akadanganyika, kwa kuwa namba aliyoigawanya haikuhesabu kile alichodhani.

Makala hii yaeleza namna ya kuifundisha kazi hiyo katika Darasa la V au la VI. Mfano wetu umetoka katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Barabara kuu itokayo Kahama hupita Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura na Benaco hadi Daraja la Rusumo katika mpaka wa Rwanda, na njia nyingine huelekea Kabanga katika mpaka wa Burundi. Wasafiri hawakosekani. Mjini Biharamulo lipo Boma la Wajerumani, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2019 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Si ajabu, basi, kwamba wenyeji hufikiria kupangisha vyumba kwa siku chache, na kuvitangaza kwa simu katika mitandao kama Airbnb na Booking.com. Hapo ndipo mwenye nyumba hukutana na namba: tangazo lako limetazamwa mara kadhaa wa kadhaa mwezi huu.

Madhumuni ya somo

Mwisho wa somo, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwa sentensi kamili kile ambacho namba fulani imehesabu;
(b) kutofautisha hesabu ya mara, hesabu ya watu na hesabu ya matokeo;
(c) kuonyesha jinsi asilimia inavyobadilika namba ya kugawia inapobadilika;
(d) kutoa shauri la busara kwa mtu anayetaka kutumia fedha kwa kufuata takwimu.

Maarifa anayohitaji mwalimu

Kati ya tangazo na mgeni anayelala kuna ngazi 5. Kwanza, jina na picha ya nyumba hujitokeza katika orodha ya mtu anayetafuta chumba, ingawa macho yake huenda yakapita tu. Pili, mtu hulifungua tangazo lenyewe. Tatu, huuliza bei au njia. Nne, huweka nafasi. Tano, hufika, akalala, akalipa. Katika kila ngazi wengine hubaki nyuma. Hata aliyeweka nafasi aweza kuifuta asubuhi ya safari.

Neno “kutazamwa” laweza kuwa na maana ya ngazi ya kwanza au ya pili, kutegemea mtandao ulivyoamua. Tena kwa kawaida huhesabu mara, wala si watu. Msafiri mmoja anayelinganisha nyumba 3 aweza kulifungua tangazo moja asubuhi, mchana na jioni. Ndugu wa mwenye nyumba hulifungua kwa fahari. Jirani mwenye nyumba kama hiyo hulifungua ili aone bei. Wote hao hawatafuti pa kulala.

Maana ya neno hilo yaweza pia kubadilishwa na wenye mtandao. Tangu 31 Machi 2025, YouTube huhesabu kwamba video fupi imetazamwa kila inapoanza kucheza au kurudiwa; hapo kabla ilihitaji kutazamwa kwa sekunde kadhaa. Badiliko kama hilo hupandisha namba bila mtazamaji hata mmoja kuongezeka. Anayelinganisha mwezi wa kabla na mwezi wa baada hulinganisha vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

Namba ya kugawia nayo ina hila zake. Mwaka 2016 kampuni ya Facebook ilikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama video, iliokuwa ikiwaonyesha watangazaji wa biashara, ulikuwa umekuzwa. Jumla ya muda wote ilikuwa imegawanywa kwa wale tu waliotazama kwa sekunde 3 au zaidi. Walioondoka mapema waliachwa nje ya hesabu ya watu. Darasani jambo hilo huelezwa kwa urahisi. Tuseme watu 10 wametazama kwa jumla ya sekunde 120. Wastani ni sekunde 12. Ukiwaondoa 6 walioondoka upesi na kugawanya sekunde zilezile kwa 4, unapata sekunde 30. Kugawanya kulifanyika sawasawa mara zote mbili. Kilichokosewa ni uchaguzi wa namba ya kugawia.

Vifaa

Karatasi moja yenye tangazo la chumba lililoandikwa na wanafunzi wenyewe (kitanda, maji, choo, bei), kikopo, punje za maharage, vipande 2 vya karatasi, ubao na chaki. Simu haihitajiki.

Hatua za somo

Hatua ya 1 (dakika 10): Zoezi la ukutani. Bandika tangazo ukutani. Chagua wanafunzi 12 wa kupita mbele yake, mmoja wao akiwa ndiye “mwenye nyumba”. Kabla ya kuanza, waagize kwa siri hivi: mwenye nyumba apite mara 5, wanafunzi 3 wapite mara 4 kila mmoja, 8 waliobaki wapite mara moja moja. Kati yao wote, 2 tu waende mezani na kusema, “Nahitaji chumba.”

Weka wahesabuji 3. Wa kwanza atatia punje katika kikopo kila mtu anapopita. Wa pili ataandika jina la kila anayepita, mara moja tu. Wa tatu atakaa mezani na kuandika wanaohitaji chumba.

Hatua ya 2 (dakika 8): Majibu 3. Wa kwanza atapata 25, wa pili 12, wa tatu 2. Uliza darasa: nani amekosea? Wanafunzi wengi watamchagua mmoja wa kumlaumu. Wazuie kwa upole. Kila mhesabuji amehesabu kwa usahihi. Sasa mtake kila mmoja aseme sentensi kamili: “Nimehesabu mara 25 ambazo watu walipita,” “Nimehesabu watu 12 waliopita,” “Nimehesabu watu 2 waliohitaji chumba.” Usikubali jibu la “25” peke yake. Namba isiyo na jina la kitu chake ni nusu ya jibu. Kisha uliza kama mwenye nyumba anastahili kuwamo miongoni mwa wale 12.

Hatua ya 3 (dakika 12): Kazi ya ubaoni. Andika namba hizi, ukiwaeleza wanafunzi kwamba zimetungwa kwa ajili ya zoezi:

Mara tangazo lilipofunguliwa kwa mwezi: 240
Mara mwenyewe alipolifungua (2 kwa siku, siku 30): 60
Watu waliouliza: 12
Wageni waliolala: 3

Wanafunzi watoe 60 katika 240, wapate 180. Tukikadiria kwamba kila msafiri alilifungua mara 3, wasafiri walikuwa 60. Hilo ni kadirio, nalo liandikwe hivyo ubaoni. Kisha watafute asilimia ya waliolala kwa njia 3. Wageni 3 katika mara 240 ni asilimia 1.25. Wageni 3 katika wasafiri 60 ni asilimia 5. Wageni 3 katika watu 12 waliouliza ni asilimia 25. Mwezi ni uleule, nyumba ni ileile, wageni ni walewale. Anayetaka kumkatisha tamaa mwenye nyumba atasema asilimia 1.25, anayetaka kumuuzia jambo atasema asilimia 25.

Hatua ya 4 (dakika 10): Shauri. Hapa ndipo somo linapofika penye uzito. Waambie wanafunzi kwamba mama mmoja wa mfano ana vyumba 2 alivyojenga kwa fedha za kahawa. Mwezi wa kwanza tangazo lake lilifunguliwa mara 240, mwezi wa pili mara 480. Wageni waliolala ni 3 kila mwezi. Anataka kukopa ili ajenge vyumba vingine 4. Mnamshauri nini?

Mwanafunzi anayesoma namba ya juu tu atasema, “Kopa, maana watu wameongezeka maradufu.” Mwanafunzi aliyeelewa atauliza kwanza: vyumba viwili vya sasa hujaa mara ngapi kwa mwezi? Waliouliza na kuondoka walikwazwa na nini: bei, umbali, au picha isiyoonyesha choo? Deni hulipwa kwa fedha za waliolala. Waliotazama hawalipi chochote. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Walimtaka mgeni aje, hawakusema atazame.

Mambo yasiyohesabiwa

Mwalimu asiishie kwenye namba iliyopo. Afundishe pia kuuliza ni nani waliokosekana ndani yake. Dereva wa lori aendaye Rusumo hutazama maegesho, usalama wa mzigo, chakula na giza linaloingia. Aweza kulala Benaco au Lusahunga miaka mingi bila kufungua tangazo hata moja. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara hiyo, kitabu cha wageni kilichopo mezani chaweza kusema mengi kuliko simu, kwa sababu kila mstari wake ni mtu aliyefika.

Mfano wa hesabu iliyotaja wazi kitu chake ni Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Watu walihesabiwa kwa kufuata mahali walipolala usiku wa kuamkia 23 Agosti, hata waliokuwa katika nyumba za wageni. Msafiri aliyelala Ngara usiku huo alihesabiwa Ngara, ingawa kwake ni Mwanza. Kanuni hiyo ilimfanya kila mtu ahesabiwe mara moja tu. Ndiyo maana jumla ya 61,741,120 iliyotangazwa kwa nchi nzima yaweza kuelezwa: twajua ilihesabu nini na usiku gani.

Matatizo ya kutazamia

Baadhi ya wanafunzi watahitimisha kwamba namba zote ni uongo. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile tulilotaka kuliondoa. Mara 240 za kutazamwa zina faida: zaonyesha kwamba tangazo laonekana, na kwamba tatizo, kama lipo, liko katika ngazi zinazofuata. Mwongoze mwanafunzi aseme namba yafaa kwa swali lipi, na haifai kwa lipi.

Tatizo la pili ni asilimia za namba ndogo. Wageni wakitoka 1 hadi 3, ongezeko ni asilimia 200, lakini huenda ni familia moja iliyokuja arusini. La tatu ni wastani. Matangazo 5 yaliyofunguliwa mara 10, 12, 14, 14 na 150 yana wastani wa 40. Matangazo 4 kati ya 5 yako chini ya wastani, na hakuna hata moja lililo karibu nao. Mwenye nyumba anayeambiwa kwamba yuko chini ya wastani asikimbilie kushusha bei kabla ya kujua amelinganishwa na nani.

Ukitaka kuwatuma wanafunzi kwenye nyumba ya wageni, omba ruhusa mapema na upewe jumla peke yake. Majina ya wageni si mali ya darasa. Wala usiwapange watoto kuhesabu magari ukingoni mwa barabara kuu.

Mwalimu na namba zake mwenyewe

Somo hili lamhusu mwalimu kabla halijamhusu mwanafunzi. Mikono 30 ikiinuliwa darasani, umehesabu mikono, hujahesabu walioelewa. Watoto 50 wakiwamo katika rejista, umehesabu walioandikishwa. Waliofika leo ni hesabu nyingine, na wanaoweza kusoma sentensi bila msaada ni hesabu ya tatu. Mtoto asiyeelewa hujificha kwa urahisi sana nyuma ya namba nzuri. Mwalimu anayezoea kuuliza “nimehesabu nini?” humwona mtoto huyo mapema, kabla mwaka haujakwisha.

Maswali ya majadiliano kwa wanachuo

1. Tayarisha zoezi la ukutani kwa kutumia bomba la maji la shule badala ya tangazo. Wahesabuji wako 3 watahesabu nini?
2. Katika mazoezi ya kufundisha, chagua namba moja unayoiandika kila siku. Eleza kwa sentensi kamili inahesabu nini, na inamwacha nani nje.
3. Mwenye nyumba ana fedha za kufanya jambo moja tu: kupiga picha bora, kutengeneza choo, au kushusha bei. Ni hesabu gani ingemsaidia kuamua, na aweza kuipata vipi?