JAMALILAIL: JINA LA UKOO, ASILI YAKE NA MAANA YAKE

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.



Katika mji wa Lamu na visiwa vya Ngazija kuna ukoo unaoitwa Jamalilail. Wenye jina hili si wengi, na katika madarasa yetu mengi mwanafunzi anaweza kusoma mpaka akahitimu asimwone mwenzake mwenye jina hilo kwenye daftari la mahudhurio. Hata hivyo ni jina lenye historia ndefu, na ndani yake mna somo la lugha, la tarehe na la tabia. Tulisome hatua kwa hatua, inshaallah.

1. MAANA YA JINA

Jina hili ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyounganishwa: jamaal, yaani uzuri, na al-layl, yaani usiku. Neno la pili mnalijua kutokana na Laylatul Qadr. Wanafunzi wa nahwu watatambua kuwa hii ni idhafa: jamaal ni mudhaf na al-layl ni mudhaf ilayhi. Maana yake basi ni "uzuri wa usiku" au "pambo la usiku".

Nahwu pia inatueleza kwa nini jina moja linatamkwa na kuandikwa kwa namna nyingi. Neno la kwanza likiwa marfuu tunasema Jamalullail, na likiwa majruri tunasema Jamalilail. Wengine huliandika Jamal al-Layl. Yote ni jina moja.

Hapa pana tahadhari. Katika jamaal, herufi ya mim inafuatwa na alifu ya madda. Ukiiondoa alifu hiyo na kusoma jamal kwa kifupi, umesema "ngamia". Basi mwenye kuliandika kwa herufi za Kiarabu asiisahau alifu, asije akamgeuza pambo la usiku kuwa ngamia wa usiku!

2. JINA LILITOKA WAPI

Jamalilail ni tawi la masharifu wa Ba Alawi wa Hadhramaut, nchi ambayo leo ni sehemu ya Yemen. Babu yao mkubwa ni Imam Ahmad bin Isa, aitwaye al-Muhajir, aliyehama Basra, Iraq, mwaka 317 Hijria (929 Miladia), na kizazi chake kikakaa Hadhramaut. Mmoja wa wajukuu zake aliitwa Alawi, na kutokana naye ukoo wote ukaitwa Ba Alawi.

Kizazi kilipokuwa kikubwa, majina ya Ahmad, Ali, Muhammad na Hasan yalijirudia sana, ikawa vigumu kumjua huyu ni nani na yule ni nani. Watu wakatumia laqabu, yaani jina la sifa apewalo mtu kwa jambo alilojulikana nalo. Laqabu ya babu ikawa jina la wajukuu. Ndivyo tulivyopata al-Saqqaf, jina linalotokana na neno la Kiarabu la sakafu ya juu ya nyumba, yaani dari, na al-Haddad, yaani mfua chuma. Wengi wenu mnalijua jina hili la pili kwa sababu ya Ratibu ya Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad, aliyefariki mwaka 1720, ambayo husomwa katika misikiti mingi ya mwambao wetu.

Jamalilail nalo lilianza hivyo hivyo. Wanazuoni wa nasaba wanasimulia kuwa mwanachuoni mmoja wa Tarim, Muhammad bin Hasan, alikuwa akizihuisha nyakati za usiku kwa sala na kisomo cha Qur'ani. Watu wakamwita pambo la usiku. Ziangatieni asili hiyo: jina halikutoka kwenye mali wala cheo. Lilitoka kwenye ibada ambayo mtu huifanya wakati wenzake wamelala.

3. JINA LILIVYOSAFIRI

Masharifu wa Hadhramaut walisafiri kwa jahazi wakifuata biashara na kufundisha dini. Waliokuja upande wetu walifika Pate, na kutoka huko wengine wakaenda Ngazija. Waliokwenda mashariki walifika nchi za Wamalayu. Huko Perlis, jimbo dogo kuliko yote ya Malaysia, ukoo wa Jamalullail umetawala tangu mwaka 1843, Syed Hussin Jamalullail alipokuwa Raja wa kwanza. Wawili katika kizazi hicho wamekuwa pia wafalme wa Malaysia nzima: Tuanku Syed Putra (1960 hadi 1965) na mwanawe Tuanku Syed Sirajuddin (2001 hadi 2006).

Kwetu Afrika Mashariki, aliyelitukuza jina hili zaidi ni Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilail, anayejulikana kwa wengi kama Habib Saleh. Alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, akaja Lamu angali kijana kusoma, na akafanya makazi huko. Zama zile elimu ya dini haikumfikia kila mtu kwa usawa. Habib Saleh aliwafundisha maskini na watu waliodharauliwa, wakiwemo watumwa na watoto wao, na si wakubwa wote wa mji walipendezwa na jambo hilo. Hakurudi nyuma. Kazi yake ikazaa Msikiti wa Riyadha na chuo chake, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Alifariki mwaka 1935, na mpaka leo Maulidi ya Lamu hukusanya watu kutoka nchi nyingi.

4. KWA NINI NI JINA ADIMU?

Sababu ya kwanza, jina hili hufuata damu ya baba. Huwezi kulichagua kwa kupendezwa nalo, kama tunavyochagua Salim au Rukia.

Sababu ya pili ni desturi yetu ya kuandika majina matatu: la mtoto, la baba na la babu. Watoto wengi wa koo mbalimbali huandikishwa shuleni bila ya jina la ukoo. Jina lipo nyumbani lakini halipo kwenye cheti, na wazee wakiondoka huondoka nalo.

5. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kuijua nasaba ni jambo la dini. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujifunza nasaba zetu ili tuunge udugu. Fikirini mas-ala ya mirathi: mtu akifa, asaba wake watajulikanaje ikiwa hakuna anayejua baba yake alikuwa na ndugu gani? Kutojua kunaweza kumnyima mrithi haki yake, au kuwaozesha watu ambao ni maharimu.

Pili, ni haramu kujinasibisha na asiyekuwa baba yako. Zayd bin Haritha (R.A.) alikuwa akiitwa Zayd bin Muhammad, mpaka ilipoteremka amri katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kuwa watu waitwe kwa baba zao. Hivyo mtoto tunayemlea tumpe mapenzi yote, lakini tusimwondolee jina la baba yake.

Tatu, nasaba haibebi amali. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu mbele ya Allah ni mchamungu zaidi. Mtume (S.A.W.) alimwambia hata binti yake Fatima (R.A.) kuwa hatamfaa kitu mbele ya Allah. Basi mwenye jina kubwa asimdharau mwenzake, na asiye na jina hilo asijione mnyonge. Kuitwa Jamalilail ni kwa wachache, lakini kuupamba usiku kwa rakaa mbili ni mlango ulio wazi kwetu sote.

KAZI YA NYUMBANI

1. Eleza tofauti ya jamal na jamaal.
2. Laqabu ni nini? Taja mbili ulizosoma hapa, na maana zake.
3. Kaa na wazee wako uandike babu zako wa upande wa baba na wa mama, kadiri wanavyowajua. Usiongeze jina lolote la kubuni.

Wabillahi tawfiq.