Kabati Kuukuu, Hifadhi Mpya: Kukagua, Kukokotoa na Kutengeneza Samani Zilizotumika

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji aweze kutambua samani kuukuu inayofaa kutengenezwa, kukokotoa gharama yake kamili kabla ya kulipa, kuigeuza kuwa hifadhi nadhifu na salama ya nyumbani, na kuzijua haki zake mbele ya muuzaji na fundi.

1. Bei ya kununulia si gharama

Katika nyumba nyingi za mijini, chumba kimoja hubeba kazi za vyumba vitatu. Nguo, vyombo, madaftari ya watoto na unga wa mwezi hugombea kona ile ile. Kabati jipya laweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara, hivyo si ajabu wananchi wengi kuelekea kwenye samani zilizotumika: za watu wanaohama, za minadani, na za mitumba ziletwazo kwa makontena. Uamuzi huo ni wa busara, wala si mgeni kwetu. Masanduku ya mbao ya Zanzibar na Lamu, yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, yamepita mikononi mwa vizazi kwa sababu mbao zake ni imara na kila aliyeyarithi aliyatunza.

Hata hivyo, wanunuzi wengi hupotea mahali pamoja: huidhani bei ya kununulia kuwa ndiyo gharama. Kabati lililonunuliwa kwa bei ya kutupa hudai usafiri, msasa, rangi, bawaba na ujira wa fundi. Na likiwa limeoza kwa ndani, hudai mbao mpya. Hapo ndipo rahisi hugeuka kuwa ghali. Kanuni ya somo hili, basi, ni moja: tukague kwanza, tukokotoe pili, ndipo tulipe.

2. Ukaguzi kabla ya malipo

Ukaguzi ufanywe mchana, kwa tochi, futi ya kupimia na kisu kidogo. Tunashauri mambo matano.

*Kiunzi.* Shika kabati kwa juu ulisukume kwa upole kutoka pembe moja kwenda nyingine. Likiyumba kidogo, viungo vimelegea na gundi itatosha. Likiyumba sana huku likilia, huenda viungo vyenyewe vimevunjika. Rangi iliyobabuka, kitasa kilichopotea na kioo kilichopasuka ni kasoro za kurekebishika. Kiunzi kilichooza si kasoro ya kurekebishika kwa fedha ndogo.

*Aina ya mbao.* Tazama ukingo wa ubao upande wa chini au wa nyuma, mahali ambapo rangi haikufika. Katika mbao halisi, kama mninga, mvule au msaji, mistari ya mti huonekana hadi kwenye ukingo. Plaiwudi huonyesha matabaka. Ubao wa maranda au unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambao mafundi huuita chipubodi au MDF, huonyesha punje au unga tu. Ubao huo si mbaya, lakini ukilowa huvimba na haurudi hali yake. Tena tundu la skrubu likishalegea, ni vigumu kushika tena. Katika miji ya pwani yenye unyevu, kagua hasa miguu na sehemu ya chini.

*Wadudu.* Vitundu vya duara vidogo kama kichwa cha pini, vyenye unga laini unaomwagika, ni dalili ya bungua. Mbao inayotoa sauti ya utupu ikigongwa, au yenye vijia vya udongo, imeliwa na mchwa. Choma kwa ncha ya kisu: ikizama bila kizuizi, acha. Mulika pia nyufa na viungo kutafuta kunguni, hasa katika samani za chumba cha kulala. Kunguni waweza kuishi miezi kadhaa bila chakula, hivyo kabati lililokaa stoo muda mrefu halina dhamana ya kuwa safi.

*Vipimo.* Pima kabati, kisha pima mlango wa nyumba, ujia na ngazi. Kabati la kutundika nguo kwa henga huhitaji kina cha sentimita 55 hadi 60; la vyombo hutosheka na sentimita 30 hadi 40.

*Harufu.* Fungua milango unuse. Harufu ya ukungu, mafuta taa au dawa kali haiondolewi na rangi, na chakula kitakachohifadhiwa humo kitaibeba.

Muuzaji akikataza ukaguzi, au akikuharakisha kwa kusema yupo mteja mwingine njiani, hiyo nayo ni taarifa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

3. Hesabu kwa mfano

Bei zifuatazo ni za kujifunzia. Msomaji aweke za mahali pake. Tuseme familia imeona kabati la vyombo la mbao halisi, kiunzi kizima, milango imelegea.

- Bei ya kabati: Sh 60,000
- Usafiri kwa guta: Sh 15,000
- Msasa: Sh 6,000
- Gundi ya mbao na skrubu: Sh 8,000
- Rangi ya awali na rangi ya juu: Sh 28,000
- Bawaba na vishikio: Sh 12,000
- Ujira wa fundi: Sh 40,000
- Jumla: Sh 169,000

Kwa jumla hiyo tunaongeza sehemu moja ya kumi kwa yasiyotarajiwa, yaani takriban Sh 17,000, tupate Sh 186,000. Tuseme fundi wa mtaani hutengeneza kabati jipya la mbao kama hizo kwa Sh 250,000. Familia itaokoa Sh 64,000, na ikifanya yenyewe kazi ya kusugua na kupaka, itaokoa zaidi.

Sasa tubadili jambo moja tu. Ukaguzi umeonyesha kuwa ubao wa chini na wa nyuma vimeliwa na mchwa, na kuvibadilisha ni Sh 70,000. Gharama inafika Sh 256,000, ikapita ya kabati jipya. Bei ya muuzaji haikubadilika hata senti, lakini kilichokuwa nafuu kimekuwa hasara. Aliyekagua atapunguziwa bei au ataondoka. Asiyekagua atayagundua hayo nyumbani, fedha zikiwa zimekwisha kutoka.

4. Kuigeuza samani kuwa hifadhi

Samani kuukuu si lazima irudie kazi yake ya awali. Kabati la nguo lililopoteza mlango laweza kuongezwa rafu na kuwa ghala la jikoni. Droo za meza iliyovunjika zaweza kufungwa magurudumu na kusukumwa chini ya kitanda zikiwa na mashuka. Kabati lenye matundu ya droo zilizopotea halihitaji droo mpya: vikapu vya ukindu, vilivyosukwa kwa kipimo cha tundu na kuachiwa nafasi ya sentimita mbili kila upande, hufanya kazi ile ile kwa bei ndogo, hupitisha hewa na hupendeza macho.

Hatua za kazi ni hizi:

1. Ondoa milango, bawaba na vishikio. Osha kwa maji ya sabuni kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha acha kikauke kabisa kivulini.
2. Tia gundi kwenye viungo vilivyolegea, vifunge kwa kamba imara, uviache usiku kucha. Ziba vitundu kwa mchanganyiko wa gundi na vumbi la msumeno.
3. Piga msasa kufuata mistari ya mbao: namba 80 au 100 kwa sehemu mbovu, kisha 120, na 220 kwa kumalizia. Soma kwanza tahadhari iliyo katika sehemu ya tano.
4. Futa vumbi, paka rangi ya awali, kisha mikono miwili myembamba ya rangi ya juu. Mkono mmoja mzito huchuruzika na kubabuka upesi.
5. Acha milango wazi kwa siku kadhaa kabla ya kupanga vitu, hasa chakula.

Kuhusu urembo, neno letu ni fupi. Mbao nzuri za mninga au msaji zisifichwe kwa rangi. Vanishi isiyo na rangi huzipa hadhi. Mbao za kawaida hupendeza kwa rangi moja tulivu nje na nyingine ndani, huku vishikio vyote vikifanana. Ununuapo rangi, angalia jina la mtengenezaji, maelekezo ya matumizi na alama ya ubora ya TBS kwenye kopo.

5. Usalama wa watu wa nyumbani

*Kabati lisianguke.* Mtoto huvuta droo zote akazigeuza ngazi, na kabati refu humwangukia. Mwaka 2016, nchini Marekani, wanunuzi wa makabati ya droo yapatayo milioni 29 ya kampuni moja walitakiwa kuyarejesha au kuyafunga ukutani baada ya vifo vya watoto walioangukiwa. Samani husafiri, na mtumba haufiki ukiwa na tangazo hilo. Kabati lolote refu lifungwe ukutani kwa vyuma viwili vya pembe, kwa skrubu zilizoshika ubao imara wa kabati na ukuta wa matofali. Mpangaji aombe kwanza ruhusa ya mwenye nyumba. Ukuta usioshika skrubu, kama wa udongo, haufai kwa kabati refu: chagua fupi na pana. Vitu vizito vikae chini, na televisheni isiwekwe juu ya kabati la droo.

*Rangi ya zamani.* Rangi kuukuu yaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Rangi usiyoijua isisuguliwe ikiwa kavu. Lowesha ubao na msasa, fanya kazi nje ukiwa umefunika pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi, watoto na wajawazito wakiwa mbali. Tandaza karatasi chini, ukusanye mabaki yote, na usifagie vumbi kavu.

*Mabaki yasiwe kuni.* Vipande vyenye rangi, vanishi au gundi, pamoja na chipubodi na MDF, visichomwe jikoni. Moshi wake una sumu, na majivu ya rangi yenye risasi hubaki na risasi hiyo.

*Dawa za wadudu.* Tumia kiuatilifu kilichosajiliwa na kinachotajwa kwenye lebo kuwa ni cha mbao, kwa kufuata maelekezo. Oili chafu ya magari haifai: huchafua vitu, hunuka, na rangi haishiki juu yake. Mafuta taa ndani ya nyumba yenye jiko ni kualika moto.

6. Haki na wajibu wa mnunuzi

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi. Lakini aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ndiyo maana ukaguzi wa juujuu ni hatari. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu katika biashara: anayeuza MDF iliyobandikwa karatasi ya sura ya mninga kwa jina la mninga amevunja sheria.

Dai risiti dukani. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikianeni hati fupi yenye majina, namba za simu, tarehe, bei na maelezo ya kitu, mbele ya shahidi. Hati hiyo hukusaidia pia iwapo itadaiwa kuwa kitu kiliibwa, kwani kupokea mali ukijua ni ya wizi ni kosa la jinai.

Kwa fundi, mwandikiane kazi itakayofanywa, nani atanunua vifaa, ujira, malipo ya awali na siku ya kukabidhi. Sehemu ya ujira ibaki hadi utakapokagua kazi. Tunashauri kupiga picha za samani kabla ya kuikabidhi. Picha humaliza ubishi ambao maneno huuendeleza.

Maswali ya kujipima

1. Taja kasoro tatu zinazorekebishika kwa fedha ndogo na mbili zinazotosha kukufanya uache kununua.
2. Katika mfano wa sehemu ya tatu, kabati lenye mchwa lilihitaji kupunguzwa bei kwa kiasi gani ili familia iokoe angalau Sh 50,000 ikilinganisha na kabati jipya? (Jibu: Sh 56,000, yaani linunuliwe kwa Sh 4,000, kwa hiyo ni bora kuliacha.)
3. Kwa nini rangi ya zamani husuguliwa ikiwa imeloweshwa?
4. Tembelea makabati yote ya nyumbani mwako leo. Ni yapi yanayoweza kumwangukia mtoto, na utayafunga kwa njia gani?