Ringi Ndefu Bondeni, Ringi Nyepesi Mlimani

Wanatriathloni wenzangu, kabla ya kuuliza bei ya magurudumu, iulizeni barabara. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi: ukitoka km 10 kwa saa hadi 40, hewa inakusukuma nyuma mara 16 zaidi. Kwa hiyo ringi ndefu, za mm 60 au 80, zinalipa bondeni, mfano Magoma, Bonde la Lwengera, pale unapojikunja na kuchanganya.

Sasa panda Mombo hadi Lushoto, takriban km 33, kimo kikiongezeka karibu m 1,000. Kwa km 15 kwa saa, unapambana na uzito, hewa haina shida nawe. Hapo mimi nachagua ringi fupi, nyepesi.

Na kushuka je? Upepo wa ubavuni hulikamata gurudumu la mbele, usukani ukacheza. La nyuma halisumbui sana, lakini hata hivyo mashindano ya Ironman ya Kona, Hawaii, yaliwahi kukataza gurudumu lililozibwa lote, sababu ni upepo. Tena ringi ya kaboni yenye breki za kubana ringi hupata moto vibaya kwenye kona za Soni. Ukiwa na hela ya moja tu, nunua la nyuma lililo refu, mbele weka la mm 40.