Karatasi, Wino na Uso kwa Uso

Jumatano

Soma 2 Yohana 12 na 3 Yohana 9–15. Kwa nini mtume aliacha mengine bila kuyaandika?

Nyaraka hizi mbili ndizo fupi kuliko vitabu vyote vya Agano Jipya. Yohana hakukosa la kusema. Anakiri kwamba anayo mengi. Wala hakudharau barua, maana aliziandika. Lakini alijua yako maneno ambayo wino hauwezi kuyabeba, akayaweka akiba mpaka atakapofika. Angalia pia habari ya Diotrefe. Barua ilipelekwa kanisani, naye akaikataa. Yohana hasemi kwamba ataandika nyingine iliyo kali zaidi. Anasema habari ya kuja.

Watu wa Kyela wangemwelewa upesi. Wanyakyusa wana neno *ukwangala*, yaani kukaa na wenzako, kula, kuzungumza na kufurahiana. Monica Wilson, aliyeishi kati yao na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alitoa kitabu mwaka 1951 juu ya vijiji vya rika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga pamoja na kuishi pamoja hadi uzeeni. Aliona kwamba *ukwangala* ndio uliokuwa moyo wa vijiji hivyo. (Pombe nayo ilikuwamo, kwa hiyo hatuombi yote ya zamani yarudi.)

Sasa fikiria dada mmoja wa Ipinda aliyefiwa na mumewe wakati wa mavuno ya mpunga. Siku ya mazishi watu walijaa. Baada ya hapo mashamba yakawaita, na simu ikachukua nafasi ya mkeka. Ujumbe wa pole uliingia asubuhi na jioni. Rambirambi zikaja kwa simu. Katika kundi la kanisa zilitumwa picha za maua zenye maneno ya faraja, picha zile zile alizotumiwa mfiwa wa mwezi uliopita. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja aliona ametimiza wajibu wake.

Sabato ya tatu dada huyo hakuonekana kanisani. Mzee wa kanisa akamwandikia: “Mbona kimya?” Akajibu: “Nipo.” Mzee akaridhika.

Neno “nipo” likisemwa uso kwa uso, hutamkwa na sauti, macho na mabega pia. Kwenye kioo cha simu lina herufi nne tu. Shemasi mmoja mama hakuridhika nalo. Alikwenda Jumapili na mkungu wa ndizi, akakaa jikoni, akasaidia kuchambua mchele. Saa nzima hawakuzungumza lolote la maana. Jua lilipokaribia kuzama ndipo mjane akasema kwamba ndugu za marehemu wanadai shamba la kokoa, na kwamba amekuwa akiogopa kulala peke yake. Hayo asingeyaandika kwa yeyote.

Soma Filemoni 22. Paulo alikuwa kifungoni, asiweze kwenda kokote. Hata hivyo anaomba nini?

Barua ya Paulo inaomba chumba cha wageni. Ndivyo ilivyo hata kwetu: ziwa likichafuka, mtumbwi wa Ikombe haupiti, na ujumbe wa simu ni rehema kubwa kwa mama aliye ng'ambo akingoja habari za mwanawe. Tumtumie bila kusita. Lakini siku upepo unapotulia, njia iko wazi, nasi bado tunatuma ujumbe tu, tunamnyima nini mtu huyo? Tena Yohana anaagiza rafiki wasalimiwe kila mmoja kwa jina lake (3 Yohana 15). “Sabato njema wote” haimtaji mtu.

Kwa mjadala:

Soma Mathayo 18:15. Bwana anamtuma nani kwenda kwa nani? Je, ugomvi uliowahi kuanza kwa ujumbe wa simu katika familia au kanisa lenu ulimalizwa kwa ujumbe, au ilibidi mtu ainuke aende?

Ni nani aliyekujibu “nipo” au “sawa” juma hili, nawe hukuuliza zaidi? Nyumba yake iko umbali gani kutoka kwako?